Waliyemkaribisha Mara Kumi na Tisa

Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea. Kideo aliupigapiga asubuhi kwa mkono wake mpaka ukajaa, akaenda kunawa uso. Aliporudi ulikuwa umebonyea tena, katikati, kama mtu mzito ameinuka sasa hivi kwenda kufungua mlango.

"Jicho, nani amekalia kiti?"

Mpiga picha alikuwa amepiga magoti, anafuta lenzi. "Kiti gani? Mimi nakaa chini tangu Jumatatu. Chenyewe umetukataza utadhani cha mfalme."

Kideo akamtazama. Alikuwa amesikia kwamba Jicho anatafutwa na wapiga picha za harusi, na mtu anayetafutwa kwingine huweza kutamani kazi ya hapa iharibike. Akaupiga mto tena.

Jina la Kideo alipewa na mtaa. Utotoni ukimtuma kibiriti, utamkuta nyuma ya banda la video, jicho amelipachika kwenye tundu la ubao, kibiriti kimelowa jasho mkononi. Mama yake alimchapa, akabembeleza, akachoka. Binti akakua na ugonjwa wake, akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe kwa kamera ya kuazima na waigizaji wa kuombwa. "Wenye mali hununua mvua," alipenda kusema. "Sisi tunaisubiri inyeshe, ndiyo maana yetu inalowesha watu." Maneno matamu, na alikuwa akiyaamini.

Filamu hii ilikuwa ya tatu, na aliipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mjane ambaye kila usiku huandaa meza ya watu wawili, akamwita marehemu mumewe aje akae. Mjane aliigizwa na mama yake Kideo, fundi cherehani, naye ni mjane kweli, mwaka wa kumi na moja sasa. Waliipigia nyumbani kwake, chumba cha mbele, cherehani imesukumwa pembeni. Na kwa kuwa Mama husinzia jua likizama tu, usiku wa kwenye filamu waliutengeneza saa sita mchana: vitambaa vyeusi madirishani, taa moja mezani, nje jua linachoma mabati, ndani giza la kaburi.

Mwigizaji wa kuwa mume alipatikana, kisha akaitwa kwenye kazi kubwa zaidi, akaenda. Asiye na mwana aeleke jiwe. Kideo akasema kiti kitupu huigiza kuliko mwigizaji mbaya, akaacha kiti kitupu. Ila Mama hakuambiwa. Alimwacha adhani mwigizaji bado yuko njiani, ili macho yake yangoje kweli. Ndiyo ujanja wao watu wa sinema, na hata mimi nisiyesoma naona ulivyo mtamu. Mama naye alikuwa na sharti lake moja: jina la marehemu lisitajwe kwa mchezo. Basi Kideo akamwandikia maneno yasiyo na jina: "Mume wangu, mlango uko wazi. Kiti chako hiki. Njoo ukae."

Wakakipiga kipande hicho mara kumi na tisa. Kila mara wanapokirudia wao huita teki, na kibao hugongwa kwa namba yake. Teki ya kwanza Mama alisahau. Ya pili jogoo wa jirani aliwika kwenye usiku wao wa saa sita. Ya tisa Jicho alipiga chafya. Ya kumi na tisa Kideo alilia kimyakimya nyuma ya kamera, akasema imepatikana.

Kisha mnasa sauti, waliyemwita Sikio, akaomba kimya cha chumba. Hiyo ni kazi yao ya kila siku: watu wote husimama walipo kwa dakika nzima, yeye akarekodi ukimya wa chumba peke yake, aupachike baadaye panapopwaya. Wakasimama. Sikio akafumba macho, hedifoni masikioni. Mara akayafumbua. Akamtazama Mama, akamtazama Kideo, akamtazama Jicho, akavua hedifoni taratibu.

"Nani kati yenu ana pumu?"

"Hakuna," Kideo akanong'ona.

"Basi Jicho acha mzaha. Nimesikia pumzi karibu na maikrofoni ya kiti. Nzito. Inavuta, inakaa, halafu inatoa."

"Mimi huyu niko mlangoni," Jicho akasema. "Au na pumzi zangu zimekuudhi?"

"Tuko wanne humu. Nimehesabu watano."

Mama peke yake hakushtuka. Alikuwa akifuta meza upande wa kile kiti, polepole, kama mtu anayefuta huku akikwepa viwiko vya mwenzake.

Jioni ile Kideo alikaa na picha zake. Hakumtafuta jini, alikuwa akimtafuta mwongo. Alitaka kuona mkono wa Jicho ukivuta uzi, au mguu wa Sikio ukisukuma mto. Akaziangalia teki kwa mpangilio, akaona jambo ambalo hakuliona chumbani. Katika ya kwanza Mama anatazama kiti, mahali pa kukalia. Katika ya saba anatazama juu kidogo, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa. Katika ya kumi na mbili anatazama usoni. Na katika ile ya kumi na tisa, ile nzuri, macho ya Mama yanainuka polepole kutoka kitini, yanapanda, yanazunguka meza, yanakuja mpaka ubavuni pake mwenyewe, kisha anatabasamu kama msichana.

Akamfuata Mama jikoni. Mama alikuwa amechukua vikombe viwili na anamimina chai. Palinuka nguo mbichi iliyopigwa pasi, ingawa pasi ilikuwa kabatini, baridi kama jiwe.

"Mama, ulikuwa unamtazama nani?"

"Mwenzangu. Si yule uliyesema atakuja?" Mama akashusha sauti. "Mtu mzuri, ila haagi. Nyie mnaondoka, yeye anabaki. Nikaona aibu kumfukuza, mgeni wako."

"Kikombe hicho ni cha nani?"

"Na wewe binti maswali yako." Mama akamkazia macho, kwa upole, kama mtu anayemtazama mteja aliyesahau risiti. "Kwani wewe ni wa nani?"

Hapo Kideo akaelewa kinachochukuliwa, na kwamba si filamu.

Mtaa wa pili palikuwa na mama mmoja fundi viatu, mnene, mpenda kucheka, ambaye watu humpelekea soli mchana na mashetani jioni. Alimsikiliza Kideo huku anashona kisigino.

"Jini mahaba huyo," akasema. "Mwanamke mjane kaita mume, hakutaja jina. Unadhani nani aitike? Mliita mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

Sindano ikasimama. "Mwanangu, mtu mwenye akili mgeni humkaribisha mara moja, akikataa basi. Nyie mmemng'ang'ania."

"Zilikuwa teki, mama."

"Yeye atajuaje teki? Ameitwa, amekuja. Sasa sikiliza. Kinywa kilichomwita ndicho kimfukuze, mara zile zile, zisipungue wala zisizidi. Na hizo picha uzifute zote. Sauti inayoita mashineni ni mlango ulioachwa wazi."

"Nikizifuta sina filamu."

"Usipozifuta huna mama," akasema yule fundi, akaendelea kushona. "Chagua, mimi nina viatu vya watu."

Kideo alirudi akaziweka picha mbele yake, akaitazama ile teki ya mwisho mara moja, sauti ameizima. Alikuwa hajawahi kupiga kitu kizuri namna ile na alijua hatapiga tena. Akafuta. Kisha akamgeukia Jicho. "Nakala yako."

"Nakala gani?"

"Usinichezee. Kila mpiga picha huwa na nakala."

Jicho akatoa kadi mfukoni, akaiweka mezani. "Umenishuku tangu Jumatatu," akasema. "Niliiweka ili kazi yako isipotee. Harusi nilizikataa, hukuuliza tu." Akaivunja mwenyewe.

Kesho yake saa sita wakatandaza tena vile vitambaa vyeusi, kamera imefunikwa kifuniko. Mama hakutaka kusimama. Alikaa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza siri. Kideo akapiga magoti mbele yake.

"Mama, hakuna mtu niliyemleta. Mwigizaji hakuja. Nilikuficha ili macho yako yangoje."

Mama akainua kichwa, akamtazama. "Kwa hiyo siku zote hizo uliniacha nimwite nani, mwanangu?"

Alimwita mwanangu. Kideo akamshika mikono, akamsimamisha, akagonga kibao. "Teki ya kwanza."

"Mgeni," Mama akasema, sauti ndogo, "kiti hiki si chako. Mlango uko wazi. Ondoka."

Ya pili, ya tatu, ya nne hakukuwa na kitu. Ya saba taa ikapunguka, ingawa hakuna aliyeigusa. Ya kumi ikaja ile harufu ya nguo mbichi chini ya pasi, kali, mpaka macho yakawawasha, na Mama akayumba akataka kuketi, Jicho akamshika kwa nyuma, na Kideo akagonga kibao tena na tena huku mkono unamtoka jasho kama zamani za kibiriti, na kila namba aliyoitaja ilikuwa nzito kuliko iliyopita, na Mama anasema ondoka huku machozi yanamtiririka maana sehemu yake moja ilikuwa haitaki aondoke, miaka kumi na moja si mchezo, na Sikio amekandamiza hedifoni kwa mikono miwili anasikia ile pumzi ikivuta na kukaa, ikivuta na kukaa, mpaka ilipofika ya kumi na nane mto wa kile kiti ukaanza kuinuka wenyewe, polepole, mkunjo baada ya mkunjo, kama unga unaoumuka, na kitambaa cheusi cha mlangoni kikapeperuka kuelekea nje.

"Teki ya kumi na tisa," Kideo akasema.

"Ondoka," akasema Mama, safari hii kwa sauti yake ya kufukuza kuku.

Mto ukajaa. Harufu ikakatika. Sikio akainua kidole kuomba kimya cha chumba, wakasimama dakika nzima. Akavua hedifoni, uso umemlegea. "Wanne," akasema. "Wanne tu."

Jicho akacheka mpaka akakaa chini. Wakang'oa vitambaa, jua likaingia chumbani na vumbi lake lote, na Mama akamwita Kideo kwa jina alilompa siku ya kuzaliwa, akamwambia amekonda, akamuuliza kama amekula. Kideo akamkumbatia. Filamu haikuwepo tena, na kwa mara ya kwanza hakuona hasara. Akaomba msamaha kwa Jicho, Jicho akamwambia ataufikiria.

Mama alikuwa anakunja vitambaa, ncha kwa ncha, kifundi. "Masikini," akasema. "Ningejua maneno yenyewe yatafutwa, nisingejitesa kuyajifunza."

Kideo akaacha alichokuwa akifanya. "Kuyajifunza vipi?"

"Si unajua mimi kusoma ni taabu? Yalikuwa hayakai kichwani. Kwa hiyo nayarudia chumbani kwangu nikijilaza. Mume wangu, mlango uko wazi. Najisemea, nasinzia, nikiamka narudia. Wiki nzima kabla hamjaja na makamera yenu."

Hakuna aliyecheka. Sikio alianza kuvaa hedifoni yake tena, mkono ukaishia hewani.

"Mara ngapi, Mama?" Kideo akanong'ona.

"Mazoezi? Nani huhesabu mazoezi?"

Na kule chumbani kwa Mama, nyuma ya mlango uliorudishwa, kitanda kikalia kidogo, kama mtu anayesogea ukutani kumwachia mwenzake nafasi.