Kijizee Kisicho na Tundu

Jioni ile nilitoka tu kumwita mume wangu akale. Madonge ya viazi yalikuwa yanapoa, na mimi chakula kikipoa nakasirika. Ndivyo nilivyo.

Traugott alikuwa mfinyanzi katika karakana ya Bwana Kessling. Alitengeneza vijizee vya bustani, vile visanamu vifupi vyenye ndevu ndefu na kofia nyekundu. Babu zetu waliochimba migodi milimani waliapa kwamba waliwaona vizee hao wakiwa hai huko chini, tena walikuwa wakiwaachia mkate. Siku hizi matajiri wanawapanga kwenye maua. Mimi nilikuwa nawapaka rangi.

"Huo udongo unaufinyanga au unaubembeleza?" nilimpigia kelele kutoka mlangoni.

"Dakika moja tu, Ottilie."

"Dakika zako nazijua!"

Alicheka. Akainamia nusu mbili za kijizee, akapuliza vumbi la ndani kama kawaida yake, fuuu, kisha akazibana pamoja. Hapo mfinyanzi yeyote wa kijiji chetu huchukua kijiti na kutoboa tundu chini ya miguu. Bila tundu hewa haina pa kutokea, na kitu kinapasukia tanurini.

Mimi nilikuwa nimeshamvuta mkono. Hakutoboa.

Kijizee kile hakikupasuka.

Kilitoka tanurini kizima, kizito kuliko wenzake. Siku hiyohiyo Traugott alianza kuhema. Akipanda ngazi tatu, anakaa. Wiki ya pili midomo ikageuka rangi. Daktari alisema ni vumbi. Nilianza kujiona mjane, nikalia jikoni asinisikie.

Jioni moja nilikuwa nakipaka macho kijizee kile. Karakana imetulia. Nikasikia...

Fuuu.

Kimya.

Fuuu.

Sauti ilitoka ndani ya udongo. Nilikigeuza. Chini palikuwa laini kabisa, hapana tundu. Nikamwita Bibi Walburga, mpaka rangi mkongwe kuliko sote. Alitega sikio kwenye tumbo la kijizee, uso ukambadilika.

"Kuna kitu kimefungiwa humu," alinong'ona. "Kitoe, mwanangu. Toboa kidogo tu."

Nilijua, au nilidhani najua: mmoja wa wale wa mgodini alikuwa anamkaba mume wangu. Nikachukua msumari. Nikatoboa.

Hewa ilitoka polepole, yenye joto. Ilinuka tumbaku na vitunguu. Harufu ninayolala nayo kila usiku.

Ilikuwa pumzi ya Traugott.

"Ottilie!" mtu alipiga ukunga uani. "Ottilie, mumeo kaanguka!"

Niliziba tundu kwa kidole gumba. Bibi Walburga akaniletea udongo mbichi, nikaushindilia kwa nguvu zangu zote. Tulipofika uani, Traugott alikuwa chini, anakohoa, anapepesa macho.

"Mbona mnanitumbulia macho hivyo?" aliuliza.

Alibaki mtu wa kuhema, lakini alibaki. Kijizee nilikiomba kwa Bwana Kessling, nikakificha bustanini kwetu nyuma ya vichaka. Udongo mbichi haushiki kwenye uliochomwa, ukikauka unadondoka. Kwa hiyo kila Jumamosi niliziba upya, miaka kumi na mmoja. Traugott sikumwambia. Nilisema moyoni kwamba namhurumia. Kweli ni kwamba niliona aibu, maana ni mimi niliyemharakisha.

Jana jioni aliingia kutoka bustanini anapangusa kijiti kwenye aproni. Uso unang'aa.

"Hivi Ottilie, nani kamjaza mzee wa watu matope miguuni? Kazi ya mikono yangu ile! Wakiiona wenzangu nitauficha wapi uso? Nimelisafisha tundu, sasa limekaa kifundi."

Nilishika meza.

Yeye akakaa, akala madonge matatu, akanitania kwamba mchuzi wangu unafaa kubandikia matofali. Hakuhema hata kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, kifua chake kilikuwa kimetulia. Nililia kwa furaha, nikajiita mjinga.

Tulipomaliza kula aliinamia mshumaa, midomo karibu kabisa na moto. Akapuliza.

Mwali haukutikisika, wala sikusikia ile fuuu yake.

Akapuliza tena, mashavu yamejaa.

"Hebu zima wewe, mama," alisema, anacheka. "Mimi leo mshumaa umenikatalia."