Mama, Sogea Kidogo

Mimi Nyevu nimekaa Likoni tangu nilipoolewa, na ukuta wangu na wa Badi ulikuwa mmoja. Kwa hiyo haya ninayowaambia, majirani zangu, sikusimuliwa na mtu. Na kama kuna mume hapa anaona kuwa nimemlenga yeye, basi na asikilize zaidi.

Badi alikuwa mpiga picha wa gazeti. Mkewe, Tumu, tulimpokea kutoka Kisauni, binti wa watu wenye heshima zao, mpole, hodari wa mahamri. Asubuhi za mwanzo wa ndoa yao zilikuwa tamu. Tumu akikaanga uani, Badi akianika kwenye kamba ya nguo zile picha alizojipigia mwenyewe katika matembezi yake. Filamu za kazi zilisafishwa na wengine ofisini, ng'ambo kisiwani.

"Tumu, njoo utazame mzee huyu anavyocheka!"

Tumu alifuta mikono, akaja, naye akacheka. Nilikuwa nikiwasikia huku nakunywa chai yangu, na chai ikazidi utamu.

Hayo hayakudumu. Mwaka wa 1961 siasa zilipamba moto, na kila siku palikuwa na mkutano huku na mgomo kule. Siku ambazo gazeti halikumtuma, Badi alijituma mwenyewe. Alikwenda Mwakirunge kuwapiga picha wachimba mawe, akaranda Changamwe kando ya reli, akarudi kiza kimeingia, akala kilichopoa, akalala. Kamba ikajaa nyuso za watu tusiowajua, na nguo za Tumu zikaanikwa juu ya ua wa makuti.

Msinielewe vibaya. Hakumpiga mkewe, hakulewa, na unga haukukosekana. Ndiyo maana Tumu alikosa hata la kwenda kushitaki kwao.

Siku moja tulikuwa tukichambua mchicha, akaniambia, "Bi Nyevu, namtamani mume wangu, na yumo ndani ya nyumba."

"Mwambie, mwanangu."

"Nimemwambia. Huitikia 'ehee' huku afuta kamera."

Nilimsogezea sinia tu, tukaendelea.

Haukupita muda, asubuhi moja nikamsikia ukutani akimuuliza mumewe, "Wenda wapi leo?"

"Chaani. Wafungua zahanati."

Badi alipoondoka, Tumu alipiga hodi kwangu. Alikuwa amevaa buibui lake jipya na kutia wanja.

"Bi Nyevu, nifuate Chaani."

"Waumwa?"

"Siumwi. Macho yake yako huko. Nami nataka nikasimame huko, anione."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tukavuka feri, tukapanda basi.

Chaani palijaa wanawake, wa pwani na wa bara. Tumu, ambaye sokoni hunipisha mimi nitangulie, siku hiyo alipenya mpaka mstari wa mbele, akaacha uso wazi, akatulia. Badi akaja. Kamera za siku hizo zilining'inia kifuani, na mpigaji aliinama kutazama kioo kidogo kilichokuwa juu ya kamera. Badi akainama. Bila kuinua kichwa akapunga mkono.

"Mama, wewe mwenye buibui, sogea kidogo."

Tumu akasogea.

Kamera ikalia. Badi akageuka, akawakimbilia wakubwa waliokuwa wakishuka garini. Nilitaka kupiga kelele, lakini Tumu alinishika mkono kwa nguvu. "Mwache," akasema. Tukapanda basi, tukarudi.

Jioni ile alimpa nafasi nyingine. Nilimsikia akimuuliza, "Chaani uliwaona watu?"

"Wengi mno," akajibu Badi, akaomba maji ya kunawa.

Picha ilitoka gazetini. Tumu alikuwa katikati, uso mzima, akitazama mbele. Mimi niliyekuwa ubavuni mwake nilitoka sikio tu. Gazeti lilifika Kisauni, na kaka yake, Khamis, akavuka hadi Likoni kwa hasira. Siku zile, mke wa watu kutolewa gazetini lilikuwa jambo zito.

"Dada yangu ametazamwa na Mombasa nzima!" alifoka barazani, akalitupa gazeti miguuni mwa Badi. "Umemtoa kwa ruhusa ya nani?"

Badi aliliokota, akaduwaa. "Wallahi, sikumwona."

"Waniapia uwongo? Alisimama mbele yako!"

Hapo Tumu, aliyekuwa ndani pamoja nami, akasema nyuma ya pazia, "Kaka, usimwite mwongo. Asema kweli. Hakuniona. Aliniambia, 'Mama, sogea,' nami nikasogea."

Khamis mwenyewe, aliyekuja na maneno mengi, aliinamisha kichwa.

"Naona niendelee kusogea," akasema Tumu. "Nirudisheni kwetu."

Badi alilia, na hakuona haya kulia mbele yetu. Alituma wazee, wakaenda na kurudi mikono mitupu. Mwishowe alitoa talaka. Eda ilipokwisha, Tumu aliolewa na mwenye duka wa Bombolulu, mtu wa kawaida asiye na jina kubwa, ambaye adhuhuri hufunga duka akala na mkewe.

Uhuru ulipokuja, Badi alipiga picha za bendera na ngoma kama wenziwe. Kesho yake nilichungulia uani kwake. Nyuso zote za wageni alikuwa amezianua. Kwenye kamba ilibaki picha moja tu, ile ya Chaani, aliyoiomba ofisini.

"Shikamoo, Bi Nyevu," akaniita.

"Marahaba."

"Tafadhali niambie. Siku ile alikuwa akinitazama mimi?"

"Ulidhani alikuwa akimtazama nani?"

Alisimama pale pale mbele ya picha, nami nikarudi ndani, maana ningelia.

MAFUNZO

Enyi waume, na wake pia: kumlisha mtu si kumwona. Kazi ni heshima, na kutembea si dhambi, lakini asiye na la kushitaki anaweza kuwa amekonda kwa hamu, na mlango mmoja mnaingia. Akinyamaza, usidhani ametosheka. Badi aliinua kichwa akiwa amechelewa. Wewe hujachelewa. Jioni hii, kabla hujanawa mikono, mtazame aliyekuwekea maji.