Mkaguzi wa Mpira wa Gesi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi wa vyuma alikuwa na kazi moja katika karakana ya mama yake. Alikoroga sabuni kwenye kopo, akachovya brashi, akapaka mpira wa gesi ya asetilini kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye kichomeo. Sabuni ikitulia, mpira ni mzima. Ikitoa mapovu, gesi inavuja.

"Mkaguzi mkuu," mjomba wake alizoea kumtania, "leo unatufungia karakana au unatuachia tule?"

"Kuleni tu, Mjomba."

Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. "Gesi hii viwandani wanatengenezea kemikali za plastiki na gundi," alimwambia. "Kwetu inakata chuma. Lakini moto wake haujui kuchagua kati ya chuma na mtu."

Ijumaa moja binti alikuta sabuni imekwisha. Kipande cha mwisho alikuwa amefulia soksi zake. Duka halikuwa mbali, ila wenzake walikuwa wakimwita barabarani, na aliyechelewa shuleni alifyeka nyasi. Alipaka maji matupu.

"Umeona povu?" mama aliuliza huku akivaa glavu.

"Sijaona, Mama."

Njiani alijiambia kwamba hakusema uongo. Ni kweli hakuona povu.

Aliporudi, alikuta watu wamejaa mlangoni mwa karakana. Mjomba alipowasha kichomeo, moto ulikuwa umeruka hadi kwenye mpira, karibu kabisa na mtungi. Angeweza kukimbia. Lakini dada yake, mama wa binti, alikuwa amebanwa nyuma ya geti walilokuwa wakilitengeneza, kwa hiyo aliufunga mtungi kwa mikono iliyokuwa ikiungua.

Wodini mjomba alilala, mikono yake imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Hofu ya mama ilikuwa imegeuka hasira.

"Nati ya kushikia mpira hukuikaza," alisema. "Ukipona, hukanyagi tena karakanani kwangu. Sitaki kumzika mdogo wangu."

"Nadhani niliikaza, Dada." Mjomba alitazama dari. "Lakini sasa sina uhakika. Ningekuua."

Binti alisikia yote, kikombe cha chai kikimpoea mkononi.

Jioni alipiga magoti kumwombea mjomba. Aliona haya kumwambia Mungu jambo ambalo aliwaficha watu wake. Akainuka, akaenda jikoni.

"Mama, nilipaka maji. Sabuni ilikuwa imekwisha."

Mama aliacha kusugua sufuria. Hakumpiga wala hakumfokea, na hilo liliuma zaidi. Alichukua spana, wakaenda karakanani. Nati ilikuwa imekazwa barabara. Spana ilipata shida kuilegeza. Kilichopasuka ni mpira, pembeni ya nati, pale pale brashi inapopita kila siku.

Mama alikaa juu ya ndoo, akajishika kichwa. "Nami nimemwambia maneno gani mtoto wa mama yangu," alisema.

Kesho yake binti alimweleza mjomba mwenyewe, bila kuacha kitu. Mama akaongeza, "Nafasi yako ipo, mdogo wangu. Unisamehe."

Mjomba alitazama bandeji zake. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia havitakunjika tena.

"Nilikuwa nimeanza kuiogopa mikono yangu," alisema. "Angalau hilo umeniondolea." Kisha akamtazama binti. "Mama yako hakuwa anauliza habari za povu. Alitaka kujua kama tuko salama. Ukimjibu mtu neno alilotamka, ukamficha lile alilotaka kujua, umemdanganya, hata kama kila ulichosema ni kweli. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba." Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Basi ninyweshe chai, Mkaguzi. Polepole. Nimeshaungua vya kutosha."

Binti aligusa kwanza ukingo wa kikombe kwa mdomo wake, akahakikisha hakiunguzi, ndipo akakisogeza.