Mabaka Yaliyofuata Mkaja

Nyumbani kwa Eneida, mjini Lorica, jirani hakupita mlangoni bila kuitwa. Aliyeitwa aliketi. Aliyeketi alipewa kahawa, naye akamwaga habari za mtaa: nani kagombana na nani, na nani kaonekana akicheka na mume wa nani.

Mwaka ule habari kubwa ilikuwa ngozi ya Arleth, mke wa Wilmer, mtoto wa mwisho wa Eneida.

Tangu usichana wake Arleth alikuwa na mabaka mekundu kwenye viwiko, magoti na kichwani. Juu ya mabaka hayo palikuwa na magamba meupe yaliyopukutika kama unga. Alivaa mikono mirefu hata jua la Lorica lilipochoma. Kisha akashika mimba. Tumbo lilivyokua, mabaka yalififia, moja baada ya jingine, hadi viwiko vikawa laini.

"Mtoto anamponya mama yake angali tumboni," Eneida aliwatangazia wageni. "Njooni mguse wenyewe."

Wakamgusa. Arleth akanunua blauzi isiyo na mikono, ya kwanza maishani mwake.

Saray alizaliwa salama, na Arleth akaingia arobaini kama wazazi wote wa mtaa ule. Alikaa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa ili upepo usimpate. Pamba masikioni. Supu ya kuku asubuhi, supu ya kuku jioni. Na kila siku Eneida alimfunga mkaja tumboni, akiuvuta huku mguu mmoja ameukaza kwenye kitanda.

"Mama, sipumui."

"Utapumua arobaini ikiisha. Mimi nilizaa watoto sita, na tumbo langu likarudi kama la msichana."

Arleth aliliangalia tumbo la mama mkwe wake.

"Nimekuona," alisema Eneida, akavuta zaidi.

Arobaini haijaisha, mabaka yakarudi. Yalirudi kwenye viwiko na magoti, lakini safari hii yakatokea pia tumboni na mgongoni, mahali ambapo hayakuwahi kuwa. Eneida alichemsha majani, akamwogesha Arleth kwa maji ya moto, akamsugua kwa dodoki ili magamba yatoke. Yalitoka. Kesho yake yakaja mengine, mekundu zaidi.

Jirani yao Tulia aliingia hadi chumbani, akatazama, akatikisa kichwa.

"Shoga, ugonjwa ule haukupona," alimwambia Eneida. "Ulijificha kwenye damu. Sasa umeshuka kwenye maziwa. Mtoto akinyonya, anaunywa."

Alisema kama mtu aliyeuona ukishuka kwa macho yake. Eneida aliingiwa na hofu. Alimchukua Saray, akamtengenezea maziwa ya chupa.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alimwambia Arleth. "Ngozi ya mtoto bado safi. Tusiiharibu."

Matiti ya Arleth yalijaa, yakauma, akayakamulia kwenye beseni. Baada ya muda hayakujaa tena kama mwanzo. Chumba cha pili, Saray aliitema chupa na kulia hadi sauti ikamkauka. Arleth alikuwa na hofu moja tu: maziwa yakikauka, atamnyonyesha nini?

Tulia alirudi na vidonge vimefungwa kwenye karatasi.

"Kaka yangu ana mabaka kama yako. Hivi vilimsafisha kabisa. Meza."

"Kaka yako ananyonyesha?" Arleth aliuliza.

"Usinichekeshe."

"Nauliza tu. Isije ikawa dawa ya wanaume."

Tulia alicheka, akaondoka. Arleth aliviweka vidonge chini ya mto. Alikuwa mtu wa kuuliza, na swali moja lilikuwa linamsumbua: mabaka yalikwenda wapi, na kwa nini yamerudi?

Asubuhi alipofunguliwa mkaja ili aoge, alichukua kioo cha Wilmer cha kunyolea ndevu akajitazama. Mabaka ya magotini yalikaa ovyo, kama siku zote. Ya tumboni hayakuwa hivyo. Yalikuwa yamepangwa kwa mstari: mstari mmoja chini ya matiti, mwingine juu ya nyonga. Nyuma palikuwa na baka moja, pale pale fundo lilipokaa. Aliushika mkaja akauweka juu ya tumbo. Ukingo wa juu ulilala kwenye mstari wa juu. Ukingo wa chini ulilala kwenye mstari wa chini.

"Maziwa hayachori mstari," alijisemea.

Akamwita mumewe. "Wilmer, niitie nesi Nurys wa zahanati. Mwambie Saray hanyonyi."

Nurys alifika kabla ya chakula cha mchana. Eneida alimpa kahawa, kisha akakaa naye chumbani bila kuambiwa. Habari kama hii hakutaka kuisikia kwa watu.

Nurys aliweka kiganja juu ya baka la kiwiko cha Arleth, akakiacha pale.

"Hii inaitwa soriasisi," alisema. "Haiambukizi. Si kwa kugusana, si kwa taulo, si kwa kitanda kimoja. Na haipiti kwenye maziwa."

"Inatoka wapi basi?" aliuliza Eneida.

"Ndani ya mwili wenyewe. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa mwenye soriasisi, askari hao wanakosea, wanaishambulia ngozi. Ngozi mpya inaota haraka mno, ya zamani haijapata muda wa kutoka. Inarundikana. Ndiyo magamba haya."

"Na nilipokuwa na mimba?" Arleth aliuliza.

"Mwili wenye mimba hutuliza askari wake ili mtoto akae salama. Wanawake wengi hupata nafuu. Si wote, wengine huzidiwa. Mtoto akishazaliwa, askari wanaamka. Wengi hurudiwa na mabaka majuma machache baada ya kujifungua."

Eneida alifikiri. "Kwa hiyo mtoto hakumponya."

"Alimpumzisha, mama."

Arleth alifunua tumbo akamwonyesha ile mistari. Nurys aliinama, akaitazama kwa muda, akatabasamu.

"Umeona vizuri. Ngozi yenye soriasisi ikibanwa, ikisuguliwa au ikikwaruzwa, mabaka huota hapo hapo. Mkaja unabana na kusugua. Dodoki linakwaruza. Maji ya moto yanakausha."

Eneida aliitazama mikono yake.

"Ni mimi," alisema.

"Ulikuwa unamtunza," alisema Nurys. "Sasa mtunze hivi. Mkaja uacheni. Aoge maji ya uvuguvugu, bila kusuguliwa. Akishajikausha, ajipake mafuta mazito yasiyo na manukato, mara nyingi. Fungueni dirisha, apate hewa na jua kidogo la asubuhi. Leo hii aende kwa daktari wa zahanati ampe krimu inayomfaa anayenyonyesha. Asinunue kali kwa kubahatisha. Krimu ajipake baada ya kunyonyesha, asipake kwenye chuchu. Ikigusa titi, aifute kabla mtoto hajanyonya tena. Na viungo vikiuma na kuvimba, au mabaka yakisambaa mwili mzima na homa, aje haraka."

Arleth alitoa vidonge chini ya mto. Nurys alisoma jina, uso ukabadilika.

"Umemeza?"

"Bado."

"Usimeze. Dawa hii hainywewi na mjamzito wala anayenyonyesha. Inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Hivi narudi navyo zahanati."

Eneida alishainuka. Alitoka, akarudi na Saray, akamweka kifuani kwa mama yake. Mtoto alitafuta, akakosa, akalia, akatafuta tena, akashika.

"Maziwa yamepungua," Arleth alinong'ona.

"Anyonye kila akitaka, usiku na mchana," alisema Nurys. " Titi likinyonywa, maziwa yanapanda."

Na yalipanda, polepole. Mistari ya tumboni ilififia. Mabaka ya viwiko yalipungua bila kwisha, na Arleth aliivaa ile blauzi hivyo hivyo. Tulia alipokuja kuuliza kama mtoto ameshaambukizwa, Eneida alimkalisha chini, akamweleza habari za askari, mafuta na vidonge. Kabla ya jioni mtaa wote ulikuwa unazijua.

Siku ya kumpima mtoto, Arleth na Eneida walimpeleka zahanati. Saray alikuwa ameongezeka uzito vizuri.

"Naye ataupata ugonjwa huu?" Arleth alimuuliza Nurys.

"Huenda, maana unatembea kwenye ukoo. Huenda asiupate kabisa. Akiupata, ana mama anayejua la kufanya. Na ukitaka mtoto mwingine, njoo kwanza kabla hujashika mimba. Dawa nyingine za soriasisi huachwa mapema sana."

"Lini huyo mwingine?" Eneida akadakia.

"Mama," alisema Arleth, "mwache huyu kwanza ashibe."

Saray hakuwa na habari nao. Alikuwa ananyonya.