Chupa ya Dawa ya Kikohozi

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi karibu na Kapkatet. Ndugu wasomaji, mate yangu mwenyewe yananitia kinyaa. Someni mjue kwa nini.

Mume wangu, Weldon, ndiye aliyenionjesha unga, yaani heroini. Tulivuta mpaka tukauza ng'ombe na mabati ya jikoni! Tulipochoka kabisa tukaingia kliniki pamoja. Kila asubuhi tulipewa methadoni, dawa ya maji, tukainywa mbele ya nesi. Mwili ukatulia. Nikarudi kuchuma majani chai, na binti yangu Faith akaanza kunizoea tena.

Weldon akaacha kwenda. Eti foleni ni ndefu, eti nesi ana mdomo! Arosto ya kukosa dawa ilipomshika, akitapika na kulia kwamba mifupa inamvunjika, akanigeukia mimi.

"Mama Faith, wewe usimeze yote. Weka tu kwa mdomo, ukitoka unitemee kwa chupa."

Ningemkokota mpaka kliniki. Badala yake nikakubali! Nikajua kumkwepa nesi, nikitoka nje natema kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Mume wangu alikunywa mate yangu bila hata kukunja uso... na mimi nikayaita hayo mapenzi. Ptu! Siku nyingine hakumaliza, akaweka akiba kabatini.

Mdogo wangu, Chebet, aliishi nasi akingoja kujiunga na chuo. Siku moja alinyeshewa shambani, kifua kikambana. Mimi nilikuwa nimepeleka majani kupimwa. Akafungua kabati, akaona chupa ya dawa ya kikohozi, akanywa. Wewe msomaji usingekunywa?

Niliporudi mchana nilimkuta anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imebadilika rangi, haamki hata nikimpiga makofi. Nikapiga nduru. Weldon akaja mbio... akaokota chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ai! Amemaliza yote?"

Mtoto wa mama yangu anakata roho, yeye anatafuta tone lililobaki!

Jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu. Njiani Weldon aliniminya mkono, akaninong'oneza nisiseme kitu, nitafukuzwa kliniki. Nami niliogopa, kwa sababu bila ile dawa ningerudi kwenye unga kabla ya wiki kuisha. Daktari akauliza amekunywa nini. Nikanyamaza... nilinyamaza, Mungu anisamehe! Alipouliza tena nikasema. Methadoni. Yangu. Niliitema.

Wakamdunga sindano, akavuta pumzi. Walimchunga siku mbili, maana dawa hiyo hukawia mwilini.

Kliniki haikunifukuza. Nesi alinikemea mpaka nikalia, na sasa ananifungulisha mdomo kama mtoto. Ni haki yangu. Weldon nilimwacha na chupa yake. Njia ya kliniki anaijua.

Wenzangu, dawa hii si mbaya, ndiyo iliyonirudishia uhai. Ukipewa, imeze yote palepale. Anayekupenda hawezi kukuomba umtolee mdomoni! Na tafadhali, msiweke dawa yoyote kwenye chupa isiyo yake.

Chebet alipona, yuko chuoni. Akija likizo ananisalimia vizuri, anacheza na Faith, tunacheka. Lakini nikimwekea chai anainuka polepole, anaimwaga, anasuuza kikombe, na kujimiminia mwenyewe.