Jibu Alilolitaka Kipngetich

Jua lilikuwa linazama mtaani Kaptembwo, Nakuru, Kipngetich alipotoka kliniki, amekunja uso, akijiambia wamemdanganya tena.

Nesi Joyline alikuwa amechoka naye. "Boss, ulitumia kondomu. Haikupasuka. Tumekupima ukimwi tena hata baada ya muda kupita, uko sawa. Enda nyumbani kwa bibi."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tangu alale na mwanamke mmoja wa Mai Mahiu, kule malori yanakolala, huku mkewe Cheptanui akiwa kwao Sachangwan akijifungua, dereva huyu wa lori la viazi hakuwa na amani. Kondomu yenyewe aliijaza maji akaibonyeza, haikuvuja hata tone. Bado. Akijikuna, ndiyo hiyo. Akikohoa, ndiyo hiyo. Na leo Cheptanui alikuwa amerudi na mtoto. Angempakata vipi?

Nyuma ya steji ya boda boda aliona kibanda ambacho hakuwahi kukiona. "Tunapima," kibao kilisema. Ndani kulinuka spiriti... na chini yake, nyama iliyolala.

Mama mmoja aliketi amejifunika shuka. Hakuinua uso.

"Karibu, baba mtoto."

"Nataka kupimwa, mathe."

"Umepimwa wewe," alinong'ona. "Kila mahali wanakuambia huna, unakataa. Nikikuambia unayo, utalala?"

Mungu wangu, jamaa alikuwa amechoka! Kichwa kiliitikia chenyewe.

"Basi sema mwenyewe. Sema, niko nayo."

Chini ya meza kitu kilikuwa kinalamba. Chap... chap...

"Niko nayo."

Taa ikazimika.

Alijikuta amesimama kwenye kiwanja kitupu, vijana wa boda wakimkodolea macho. "Mzee, unaongea na nani?"

Alitimua mbio. Na katika kukimbia, ajabu, hofu yote ikamtoka. Alijua yuko salama, alijua kama anavyojua jina lake. Alilia kwa furaha njia nzima. Angempakata mwanawe, angemwomba mkewe msamaha.

Cheptanui alifungua mlango akicheka. "Baba, shika kijana wako."

Alitaka kusema asante.

"Niko nayo," mdomo ulisema.

"Uko na nini?"

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akitikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Akajaribu tena, polepole. Niko sawa, mama. Niko sawa.

"Niko nayo... ya yule mwanamke wa Mai Mahiu."

Cheptanui alimvuta mtoto kifuani. Mlango ukafungwa. Komeo likashuka.

Siku hizi Kipngetich haongei na mtu. Cheptanui ndiye anayezunguka kliniki za Nakuru, mtoto mgongoni. Kila mahali wanampima kijana, kila mahali wanamwambia hana kitu.

Haamini.