Alama Alizojikadiria Joséline

Kila asubuhi Joséline na rafiki yake Lerato walishuka pamoja kutoka mtaa wao wa Berea kwenda shule, wakiulizana maswali ya mtihani kila waliposimama kungoja robot, taa ya barabarani, iwake kijani. Siku hiyo hawakuulizana chochote. Mtihani wa majaribio wa saikolojia walikuwa wameshaufanya, na Joséline alikuwa amemwahidi mama yake alama themanini.

Darasani, Mwalimu Perpetua, Mtanzania aliyeolewa Johannesburg, aligawa vikaratasi.

"Kabla sijasahihisha, kila mmoja akadirie alama zake," alisema. "Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tano. Nina nafasi kumi za masomo ya Jumamosi, na nitawapa wanaozihitaji kweli."

Joséline aliandika 80 bila kusita. Lerato aliandika 52.

"Eish, ile insha ilinishinda," alinong'ona. Joséline akamwonea huruma.

Mchana alimkuta mama yake, Goreth, akishona kando ya dirisha la chumba chao.

"Hizo themanini una hakika nazo?" mama aliuliza kwa upole.

"Nimesoma daftari lote mara nne, mama."

"Basi nieleze ulichoandika kwenye insha. Mimi sikusoma saikolojia, nifundishe."

Joséline alianza kueleza kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Sentensi ya pili ikakwama. Akaanza upya, akazichanganya. Ukurasa wa daftari aliuona akilini, hata rangi ya wino, lakini maana haikuja. Akatoa karatasi ya maswali na kuhesabu upya, bila kujipendelea: maswali ya kuchagua, kumi na sita; majibu mafupi, kumi na tano; insha, kumi na tano tu kati ya hamsini. Jumla, arobaini na sita.

"Mama, nimekudanganya."

Goreth alisimamisha cherehani. "Umejidanganya wewe kwanza, mwanangu. Mimi nitabaki mama yako hata ukipata sifuri. Kesho kamwambie mwalimu."

Asubuhi, Joséline alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Mwalimu, naomba kubadilisha makadirio yangu. Si themanini. Ni arobaini na sita, na nadhani najua nilipokosea."

Mwalimu Perpetua akavuta orodha ya Jumamosi. Ilikuwa na majina tisa, la Lerato likiwa la kwanza. Akaandika la kumi.

Karatasi ziliporudishwa, Joséline alikuwa amepata arobaini na nne. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akarudi darasani.

Jumamosi zote zilizofuata, yeye na Lerato walifunga madaftari na kufundishana kwa zamu. Aliyekwama alifungua, akasoma, akafunga tena. Kwenye mtihani wa mwisho Joséline alijikadiria sitini na saba. Alipata sabini, na Lerato sabini na tatu.

Mwalimu Perpetua aliwaita wote wawili.

"Kusoma mara nyingi huyafanya maneno yazoeleke machoni, ukadhani umeyaelewa," alisema. "Jipime ukiwa umefunga daftari, na upokee jibu utakalolipata hata likiuma. Joséline, siku ile uliyokuja kuniambia arobaini na sita, ndipo ulipoanza kusoma."